Maswali na Majibu: Theluji Huanguka Wapi, na Hukaa Wapi?

Barua za toleo hili zimetoka pande nyingi, kuanzia Marangu mpaka Fargo, lakini karibu zote zinauliza jambo moja: kwa nini theluji iko pale na hapa haipo? Wengi hudhani jibu ni baridi tu. Baridi ni sharti, ila haigawi theluji. Wanaogawa ni upepo, jua na umbo la ardhi.

Kutoka kwangu naviona vilele vyote viwili vya Kilimanjaro. Ikinyesha usiku, Kibo na Mawenzi vyote huamka vyeupe, lakini ikifika saa sita mchana Mawenzi kimeshakuwa cheusi na Kibo bado kina weupe wake. Si mlima mmoja? Na kwa nini barafu ya Kibo huonekana kushuka zaidi upande wa magharibi? — E.M., Marangu

Tuanze na urefu. Kibo kina mita 5,895 na Mawenzi mita 5,149, yaani wamepishana mita 746. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi, hivyo Mawenzi kina joto zaidi ya Kibo kwa nyuzi 4 au 5. Juu ya Kibo wastani wa mwaka ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri. Mawenzi kinabaki karibu na sifuri: usiku hugandisha, mchana huyeyusha.

Hata hivyo, urefu peke yake hautoshi kueleza. Kilele cha Batian kwenye Mlima Kenya kina mita 5,199, hamsini tu zaidi ya Mawenzi, na bado chini yake kuna barafu ya Lewis ambayo imelala chini ya mita 5,000. Tofauti ni mahali pa kulaza theluji. Lewis imekaa katika bonde lililo kati ya Nelion na Lenana, vilele vingine vya mlima huo, na bonde hilo hupokea kinachoanguka na kinachosukumwa na upepo. Mawenzi ni mabaki ya volkano iliyoliwa na mmomonyoko, magenge matupu yaliyosimama wima. Mteremko ukizidi digrii 50 au 60, theluji haijikusanyi. Huteleza kidogo kidogo tangu inapoanguka, na ile inayosalia kwenye mipasuko haifiki unene wa kuhimili jua la siku moja. Kibo juu ni kipana, kina kreta ya upana wa kama kilomita mbili, na sehemu kubwa ya ukingo wake ni ya kutembea.

Sasa pande. Hewa yenye unyevu hutoka Bahari ya Hindi, hasa wakati wa masika, na hupanda mteremko wa kusini. Ikipanda hupoa, ikipoa hutoa maji. Sehemu kubwa ya maji hayo humwagika kwenye msitu, karibu na mita 2,200, ambako mvua ya mwaka hufika milimita 2,500 na zaidi. Hewa inayofika kileleni imeshakamuliwa kama kitambaa, na kilele hupata kama sehemu moja ya kumi ya mvua ya msituni. Kwa hiyo juu ya Kibo ni pakavu, na theluji yake nyingi huletwa na mawingu makubwa ya masika na vuli yanayoweza kupanda mpaka huko. Upande wa Rongai, kaskazini, ni mkavu zaidi kwa sababu uko nyuma ya mlima.

Ama barafu kushuka zaidi magharibi, hiyo ni kazi ya jua na mawingu wakigawana siku. Asubuhi anga huwa wazi na jua hupiga mashariki bila kizuizi. Kuelekea saa sita mawingu hupanda kutoka msituni, na jua linapohamia magharibi linakuta pazia limeshafungwa. Mashariki hupata jua kamili, magharibi hupata kivuli, na hivyo ndivyo ilivyo karibu kila siku ya mwaka.

Kuna na sakafu yenyewe. Theluji ya sentimita tano ikianguka juu ya jivu jeusi la volkano, jua hupasha jivu hilo kupitia pale theluji ilipo nyembamba, na baada ya siku moja au mbili imekwisha. Theluji hiyohiyo ikianguka juu ya barafu hudumu zaidi, kwani chini kuna baridi na weupe unaorudisha mwanga. Ndani ya kreta ya Reusch, huko huko juu ya Kibo, kuna matundu yanayotoa mvuke wa moto, na kandokando yake theluji haina maisha.

Msishangae pia kuona barafu ikipungua mahali ambapo maji hayatiririki. Katika hewa kavu ya kileleni barafu hugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia maji. Njia hiyo hutumia nishati zaidi ya mara nane ya kuyeyusha, kwa hiyo huenda polepole, ila haisimami. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilikuwa na eneo la kilomita za mraba 12 hivi. Mwaka 2011 haikufika mbili.

Kwa wapandaji: njia ya Kibo Hut hupanda upande wa mashariki, hivyo theluji ya usiku huanza kulainika mara tu jua linapochomoza. Western Breach, njia ya upande wa magharibi, hubaki kivulini muda mrefu, na mawe yake yameshikwa na barafu. Jua likiyafikia, barafu huachia na mawe hushuka. Pitisheni watu hapo mapema, kabla jua halijafika. Hili si la kubahatisha.

Mteja wa Kijerumani aliniuliza kwa nini mwezi wa Julai upande wa kusini wa Batian una barafu na wa kaskazini ni mkavu. Alikuja tena Januari akakuta kinyume chake, akadhani nilimdanganya. Nimjibu vipi? — Kiongozi wa wapandaji, Nanyuki

Mwambie hakudanganywa, ila amezoea milima ya kwao. Ulaya jua la mchana huwa kusini mwaka mzima, kwa hiyo upande wa kaskazini wa mlima ni wa kivuli siku zote. Mlima Kenya umekaa karibu kabisa na Ikweta. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri liko kaskazini, digrii kama 23 kutoka utosini. Desemba liko kusini kwa kiasi kilekile. Pande mbili za mlima hupokezana kivuli.

Kwa kazi yako maana yake ni hii: wanaotaka kupanda mwamba mkavu, wapeleke uso wa kaskazini kuanzia Julai hadi Septemba, na uso wa kusini Januari na Februari. Wanaotaka barafu, geuza. Korongo la Diamond, lililo kati ya Batian na Nelion, linatazama kusini, na ndiyo maana barafu yake ilikuwa ikitafutwa katikati ya mwaka. Machi hadi Mei usiahidi kitu, kwani masika hupaka pande zote mbili.

Mwaka 2008 watu wa Busara, karibu na hapa kwetu, walisema theluji imeanguka. Mzee wangu mpaka leo anabisha na majirani. Ilikuwa theluji au mvua ya mawe? — W.K., Nyahururu

Ilikuwa mvua ya mawe, na mzee ana haki ya kubisha kwa sababu ilionekana kama theluji hasa. Nyahururu iko kwenye mita 2,300 na ushei. Karibu na Ikweta, hewa ya nyuzi sifuri kwa kawaida huanza kwenye mita 4,700 kwenda juu. Chembe ya theluji ingelazimika kushuka zaidi ya mita 2,000 ndani ya hewa ya joto, ilhali huyeyuka baada ya mita mia tatu hivi. Punje ya mvua ya mawe ni nzito, hushuka kasi, hufika kabla haijaisha.

Punje ndogo zikianguka kwa wingi hushikana na kufunika ardhi. Baridi inayotoka kwenye barafu hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo huteremka na kutuama penye shimo au bonde. Weupe waweza kudumu hapo mpaka kesho yake wakati mahali pa juu pameshakauka. Siku nyingine chukueni kiganja kimoja mtazame kwa karibu: mvua ya mawe ni vidonge vya mviringo, theluji ni nyota zenye pembe sita.

Tulitoka kambi ya Nyarugusu tukaletwa Buffalo, Marekani. Binti yetu anakaa Hamburg, kusini mwa mji, si mbali kwa gari. Juzi yeye alifungiwa ndani, theluji imefika dirishani, na huku kwetu kaskazini jua linawaka. Ananiambia mama huamini! — Mama N., Buffalo

Mwamini, mama. Novemba 2014 vitongoji vya kusini vilipata zaidi ya mita moja na nusu ya theluji wakati upande wa kaskazini ulipata sentimita chache tu. Novemba 2022 ikarudi: Orchard Park, jirani na Hamburg, ikapata karibu mita mbili.

Chanzo ni Ziwa Erie. Mwishoni mwa mwaka maji ya ziwa bado yana joto la kiangazi, huku hewa inayoshuka kutoka Kanada ni ya baridi kali. Wataalamu wa hali ya hewa hutazama tofauti ya joto kati ya uso wa ziwa na hewa iliyo mita 1,500 juu yake. Ikifika nyuzi 13, hewa ya chini hupanda kwa nguvu ikiwa imebeba mvuke, na theluji huanza.

Lakini kwa nini ianguke mahali pembamba hivyo? Ziwa Erie ni refu, karibu kilomita 390, limelala kutoka magharibi-kusini-magharibi kuelekea Buffalo. Upepo ukivuma kwa urefu wa ziwa, hewa hunywa mvuke safari nzima. Pwani mbili za kandokando hupunguza mwendo wa upepo na kuusukuma katikati, na mawingu hujipanga katika ukanda mmoja wenye upana wa kilomita 10 hadi 30. Ndani ya ukanda theluji yaweza kuanguka sentimita 5, hata 10, kwa saa. Nje yake ni jua. Mpaka wake ni mkali kiasi kwamba unauona ukiwa barabarani, ukuta mweupe umesimama mbele ya gari.

Kwa hiyo, katika utabiri usisome joto tu, soma upepo unatoka wapi. Ukitoka kusini-magharibi, ukanda hupanda kuelekea Niagara na kwenu kaskazini. Ukitoka magharibi-kusini-magharibi, unapiga mji wenyewe. Ukigeuka kuwa wa magharibi, unashukia kwa binti yako. Ukiwa wa kaskazini-magharibi, haukai tena juu ya urefu wa ziwa, na ukanda huvunjika vipande vidogo vingi vinavyomwaga kwenye vilima vya kusini. Kusini kuna jambo la ziada: ardhi hupanda mita mia kadhaa juu ya ziwa, na hewa iliyokwishajaa ikilazimishwa kupanda tena hutoa zaidi.

Mashariki mwa Ziwa Ontario kuna uwanda wa Tug Hill, usiozidi sana mita 600 kwa urefu, na sehemu zake hupata zaidi ya mita tano za theluji kwa mwaka. Kilima kidogo, ziwa kubwa mbele yake. Tena Erie lina kina kifupi, wastani wa mita 19, na miaka mingi huganda ifikapo Januari au Februari. Likishaganda mvuke hukatika na theluji ya ziwa hupungua. Ontario ni refu kwenda chini, aghalabu haligandi, hivyo Tug Hill huendelea kupokea hadi Machi.

Binti aweke garini blanketi, koleo, maji na tochi. Akikwama, kabla ya kuwasha injini atoke afukue bomba la moshi, kisha awashe dakika kumi kwa kila saa na kuacha dirisha wazi kidogo. Bomba likiziba kwa theluji, hewa ya sumu huingia ndani ya gari, haina harufu, na imeua watu.

Tuna nyumba nje kidogo ya Fargo, North Dakota. Kila dhoruba njia ya gari hujaa hadi kiunoni, na uwanja ulio wazi pembeni nyasi zinaonekana! Tumeweka ukuta wa mbao kando ya njia, ikawa mbaya zaidi. — J.B., Fargo

Huko kwenu hakuna milima, kwa hiyo kila kitu kinachosimama ni mlima. Theluji kavu huanza kutembea upepo ukifika kama kilomita 20 kwa saa, na sehemu kubwa husafiri karibu na ardhi, chini ya kimo cha mtu. Inashuka pale upepo unapopunguza mwendo: nyuma ya nyumba, nyuma ya ua, ndani ya njia iliyochimbwa chini ya usawa wa shamba. Uwanja wenu hauna kitu cha kuisimamisha, ndiyo maana umebaki na nyasi.

Ukuta wenu una makosa mawili. Ni mzima, na uko karibu. Kizuizi kisichopitisha upepo huangusha theluji pande zote mbili katika rundo fupi na la wima, hujaa mapema, kisha theluji humiminika juu yake. Kinachofaa ni uzio wenye nafasi, nusu mbao na nusu uwazi, ambao hupunguza upepo bila kuuzuia. Hivi ndivyo unavyopimwa:

Kimo mita 1.2. Chini acha pengo la sentimita 15, usiuguse ardhi; bila pengo uzio huzikwa katika dhoruba za mwanzo na kazi yake inaishia hapo. Usimamishe upande ambao upepo unatoka, na kwenu pepo za dhoruba mara nyingi ni za kaskazini-magharibi, uukabili upepo huo moja kwa moja. Umbali kutoka njiani uwe mara 35 ya kimo, yaani mita 42. Watu huliona hilo ni mbali mno, wanausogeza hadi mita 15, na rundo linatua palepale walipotaka kupaokoa. Mkia wa theluji nyuma ya uzio uliojaa hufika kweli mara 30 hadi 35 ya kimo. Mwisho, uurefushe uzio mita 20 hadi 25 kila upande kupita sehemu unayoikinga, maana upepo hauji kwenye mstari uleule kila siku.

Kama ardhi ya jirani inawazuia kwenda mita 42, tumieni uzio mfupi zaidi kuliko kuusogeza ule mrefu. Wa sentimita 80 unahitaji mita 28. Utashika theluji kidogo, lakini itakuwa mahali pake.

Mkisafisha njia, theluji mnayoitoa itupeni upande ule upepo unakokwenda. Mkiirundika upande unakotoka, mnajijengea ukuta mwingine. Na baada ya kila dhoruba zungukeni nyumba, mkague mabomba ya hewa ya tanuru yanayotokea ukutani, hasa yaliyo upande uliokingwa na upepo, kwa sababu hapo ndipo theluji hujaa kimyakimya. Paa pia: upande uliokingwa hubeba mzigo mkubwa kuliko unaopigwa na upepo, na paa la chini lililoungana na la juu hubeba kuliko yote.

Nasoma Innsbruck. Wenzangu wanakwenda kuteleza kwenye theluji nje ya njia zilizotengwa na wanasema upande wenye theluji nyingi ndio salama, kwani ukianguka huumii. — S., Austria

Wanakosea, na kosa hilo ni la hatari. Upepo huchota theluji upande unaopigwa na kuilaza upande wa pili wa tuta la mlima, ule ambao mabaharia wetu wangeuita wa demani. Huko hujipanga kuwa bamba gumu lililolala juu ya tabaka dhaifu. Mtu mmoja akilikata, lote huondoka. Maporomoko mengi ya namna hii hutokea kwenye miteremko ya digrii 30 hadi 45: chini ya hapo bamba huwa halitelezi kirahisi, juu ya hapo theluji hudondoka kabla haijawa nyingi. Simu yako inaweza kupima digrii hizo.

Tazama kilele cha tuta. Theluji ikijenga ukingo unaoning'inia, unapoelekea ndipo demani ilipo. Usisimame juu yake, wala usipite chini yake. Na msome taarifa ya hatari ya maporomoko ya siku hiyo, yenye ngazi 1 hadi 5. Ngazi 3 inasikika ya kati, lakini watu wengi hufia humo kwa sababu wanaiona ya kawaida.

Assalaam alaykum. Tunasikia Jebel Jais imewahi kupata theluji, wakati sisi huku chini tunavaa kanzu nyepesi. Inawezekanaje, na ukitaka kuiona unakwenda lini? — Familia ya Kizanzibari, Ras al-Khaimah

Waalaykum salaam. Imewahi kweli: Desemba 2004, Januari 2009 na Februari 2017. Mlima una karibu mita 1,900 na uko jirani na pwani, hivyo baharini kukiwa na nyuzi 12, juu panaweza kufika sifuri. Ila baridi kavu haitoshi. Inatakiwa siku ambayo hewa ya baridi kutoka kaskazini-magharibi imevuka maji ya Ghuba ikachukua unyevu, kisha ikapanda mlima. Kwa kawaida kimoja huja bila kingine, ndiyo maana miaka mingi hupita patupu.

Katika utabiri tafuteni kimo cha nyuzi sifuri. Theluji huweza kufika mita 300 hivi chini ya kimo hicho kabla haijawa mvua, na katika bonde jembamba ikinyesha kwa nguvu hushuka zaidi, kwa kuwa theluji inayoyeyuka huipoza hewa iliyofungiwa humo. Kimo kikiwa mita 2,000 na mvua ipo, kuna matumaini. Nendeni alfajiri, na mtafute kwenye mipasuko inayotazama kaskazini, kwa sababu miamba inayotazama kusini huwa imekauka kabla ya saa nne asubuhi. Barabara ya juu huweza kufungwa hali ikichafuka, kwa hiyo ulizeni kabla ya kupakia watoto.